Mtume, Mtumwa na Aliyewatuma

Kitenzi kutuma kimezaa katika lugha yetu watu wawili ambao hawakai kiti kimoja. Wa kwanza ni mtume, na jina lake halitajwi katika pwani hii bila ya kufuatiwa na sala na salamu. Wa pili ni mtumwa, na jina lake halitajwi mbele ya watu wenye heshima zao isipokuwa kwa kunong'ona au kwa kutukana. Mzizi ni ule ule na kiambishi cha mwanzo ni kile kile. Kilichowatenga ni kiishio tu: huyu kapewa -e, yule kapewa -wa. Nataka kuuliza katika kurasa hizi kama silabi moja yaweza kubeba dhima nzito namna hiyo, na kama inaibeba, ni nani aliyeitwika.

Kwa wasiopenda sarufi naomba subira kidogo. Kiswahili hulijenga jina kwa ncha mbili. Kichwani huweka kiambishi cha ngeli, na mkiani huweka kiishio. Kichwa hutuambia kama tuna mtu au kitu. Mkia hutuambia yule mtu ana uhusiano gani na tendo. Mpishi, mlinzi na mjenzi wametenda, na ile -i yao imeuma hata konsonanti iliyokuwa mbele yake, k ikawa sh, d na g zikawa z. Msomaji na mchezaji hutenda kila siku, ndiyo mazoea yao. Mpotevu na mwongofu wameingia katika hali wakatulia humo. Wimbo, neno, pendo na kilio ni tendo lenyewe, au ni kile kinachobaki baada ya tendo kwisha. Haya yote mtoto wa pwani huyajua kabla hajajua kuandika, na hayakosei.

Sisi washairi tumelitumia neno mpenzi umri wetu wote bila ya kuliuliza linatoka upande gani. Kwa sura yake ni la watendaji, kama mlinzi na mkimbizi. Mpenzi, basi, ni yule apendaye. Lakini katika nyimbo aghalabu ni yule apendwaye, hata kama yeye mwenyewe hana habari. Mpendwa tumemwachia mwandishi wa barua na mhubiri. Nalitaja hili kwa kupita tu, ili msomaji aone kwamba viishio navyo vina hila zao, na kwamba nani katenda na nani katendwa si jambo ambalo lugha hulisema waziwazi kila mara.

Sasa tumrudie mtume. Ile -e yake ni kiishio cha kale kilichofunga duka. Kimetuachia majina machache: kiumbe, aliyeumbwa, mteule, aliyeteuliwa, mshinde, aliyeshindwa, mtume, aliyetumwa. Hatuwezi tena kukitumia kuunda jina jipya. Aliyepigwa hatuwezi kumwita mpige, wala aliyeibiwa mwibe. Ila tazama hayo manne: wote wametendwa. Kwa hiyo mtume na mtumwa hawatofautiani katika sarufi kama tunavyodhani. Hakuna kati yao aliyejituma. Mmoja ametendwa kwa kiishio cha kale, mwengine ametendwa kwa kiishio kilicho hai.

Na dini zetu zimelijua hilo kitambo. Muislamu anapotoa shahada ndani ya sala humtaja Muhammad, rehema na amani zimshukie, kwa sifa mbili zilizofuatana: kwanza ni mja wa Mungu, kisha ni mtume wake. Mja hapo limesimama mahali pa neno la Kiarabu abdi, ambalo sokoni maana yake ilikuwa mtumwa. Wakristo nao, wakifungua Waraka kwa Warumi katika tafsiri ya Union ya mwaka 1952, humkuta Paulo akijitambulisha kuwa mtumwa na kuwa mtume ndani ya sentensi moja. Tafsiri ya Habari Njema iliyokuja baadaye ikampandisha cheo akawa mtumishi. Naelewa kwa nini wafasiri walifanya hivyo. Mtumishi ametokana na kutumika akapewa -i ya watendaji. Anatumika, lakini kana kwamba ni kwa hiari yake, na mwisho wa mwezi ana mshahara. Neno halimwudhi mtu kanisani. Hata hivyo naona kitu kimepotea. Paulo alitaka kulisema lile neno lililowatia watu haya, na akaliweka bega kwa bega na cheo chake kikubwa, ili asikiaye ashtuke. Mtumishi hamshtui mtu.

Basi aibu haimo katika kutumwa. Mtume hutumwa kwa watu na hupewa neno la kusema. Watu wanaweza kumkataa, wanaweza kumpiga mawe, lakini ana kinywa. Mtumwa alitumwa kisimani, shambani, sokoni na njia ya bara, na mzigo aliopewa haukuwa neno. Tofauti iko kwa aliyetuma na katika kilichotumwa, wala haiko kwa aliyekwenda. Lakini lugha imelibandika jina juu ya aliyekwenda.

Nikumbushe kwamba -wa ni kiishio kinachodai. Nikisema nyumba imejengwa, sikio lako linangoja: na nani? Naweza nisikwambie, lakini nafasi ya jibu imeachwa wazi. Neno mtumwa, likisikilizwa kwa sikio safi, linaiacha nafasi hiyo hiyo. Linasema kwamba hapa pana mtu, na pana jambo alilofanyiwa, na pana mwingine aliyelifanya. Lugha nyingi hazina neno lenye ukweli kama huo. Kiingereza na Kifaransa zimelipata neno lao kutokana na jina la kabila. Waslavi wa Ulaya ya Mashariki walikamatwa na kuuzwa kwa wingi katika Zama za Kati hata jina la watu likageuka jina la hali. Humo hamna kitenzi, kwa hiyo hamna mtendaji wa kuulizwa. Ndiyo maana siku hizi waandishi wa Kiingereza wanalikwepa neno lile na kutumia maneno mawili matatu yenye maana ya mtu aliyefanywa mtumwa. Wanatafuta kwa jasho kile ambacho Kiswahili kilikuwa nacho tangu zamani katika herufi mbili za mwisho.

Mtu asidhani kwamba nasifu lugha ya mama ili tupige makofi. Herufi zile mbili tunazo, ila hatuzisikii. Neno likishatumika miaka mingi kitenzi chake hufa ndani yake. Kisha tukaliongezea u-, likawa utumwa, na hapo mtendaji akatoroka kabisa. Kiambishi u- hulitoa tendo mikononi mwa watu kikaliweka hewani kama mvua au joto. Tunasema utumwa uliingia, utumwa ulienea, utumwa ulikomeshwa, kana kwamba ulivuma wenyewe na kaskazi. Soko la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 sheria ya Unguja ikaacha kuutambua utumwa. Huko Tanganyika Wajerumani hawakuufuta. Walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na ikabidi kungojwa amri ya Waingereza ya mwaka 1922. Miaka hiyo yote, kila mtumwa alikuwa wa mtu fulani mwenye jina, nyumba na mlango.

Yule mtu aliitwaje? Hapa ndipo ninapotaka kukaa. Kwa kanuni za lugha yetu, penye mtumwa pangekuwa na mtumaji. Neno hilo lipo, na ni zuri, lakini limepewa kazi ya posta: mtumaji wa barua, mtumaji wa fedha. Hakuna bwana wa shamba aliyewahi kuitwa mtumaji. Aliitwa bwana. Aliitwa mwinyi, yaani mwenye. Aliitwa tajiri. Hakuna katika majina hayo hata moja linalotuambia alifanya nini kwa nani. Yanatuambia anacho, basi. Na upande wa pili tazama jinsi vitenzi vilivyojazana: mtumwa, aliyetumwa, mateka, waliotekwa, mzalia, aliyezaliwa nyumbani mwa bwana kwa mama mtumwa, mkombolewa, aliyekombolewa. Wanyonge wameitwa kwa yale waliyotendwa, na wenye nguvu wameitwa kwa yale waliyokuwa nayo.

Hata uhuru ulikuja kwa mlango huo huo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868 walinunua watu, wengi wao watoto, ili wawaache huru, wakawajengea kijiji. Watoto wale walikuwa wakombolewa, na padri alikuwa mkombozi. Kiishio cha watendaji kikaenda kwa mwenye fedha kwa mara nyengine, ijapokuwa safari hii kwa nia njema. Kitenzi kujikomboa tunacho, na walikuwapo watumwa waliofanya kazi za ziada wakalipa bei ya shingo zao wenyewe. Lakini jina la mtu kutokana na kitenzi hicho halikuota mizizi.

Nisilitie Kiswahili peke yake kizimbani. Kwa kuwa makao makuu ya kwanza ya serikali ya Kijerumani yalikuwa hapo hapo Bagamoyo, mpaka yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, si vibaya kuchungulia nyumbani kwa hao mabwana wapya na jamaa zao Waingereza. Herr, neno ambalo askari na karani wa mji ule walifundishwa kulitanguliza mbele ya jina la kila afisa, chanzo chake ni neno la kulinganisha: mwenye mvi zaidi, mtukufu zaidi. Bwana wa Kiingereza, lord, katika Kiingereza cha kale alikuwa mlinzi wa mkate, na mtu wake aliitwa mla mkate. Nani alilima ngano, nani alisaga, jina halisemi. Na viishio vyao vya kuundia majina ya hali vilikuwa zamani maneno kamili yenye nyumba zao. Kile wanachokitia mwishoni mwa neno lao la uhuru, -dom, kilikuwa neno lenye maana ya hukumu, na katika Kiingereza cha kale kiliungwa kwenye neno la utumwa sawa na kilivyoungwa kwenye neno la uhuru, kama sisi tunavyosema utumwa na uhuru kwa u- ile ile. Kiishio hakina huruma wala chuki, kinafuata kinapowekwa.

Wa zamani zaidi kati ya wafasiri wa lugha hizo ni Wulfila, aliyeiandika Biblia kwa Kigothi katika karne ya nne. Mababu zake walikuwa mateka: Wagothi waliwachukua kutoka Kapadokia, nchi iliyo Uturuki ya leo. Jina lake lina kiishio cha udogo, maana yake mbwamwitu mdogo. Mjukuu wa mateka alipewa jina kwa lugha ya waliowateka wazee wake, akageuka akawatafsiria wao kitabu. Neno la mitume alishindwa kuliunda, au hakutaka, akaliacha kwa Kigiriki. Neno la mtumwa alikuwa nalo tayari: skalks. Neno hilo limesafiri. Kwa Kijerumani cha leo limekuwa mtu wa mizaha. Kwa upande mwingine, liliungwa na neno la farasi, likawa mtumwa wa kutunza farasi, kisha mkuu wa mabanda, kisha mkuu wa majeshi, na ndilo hili neno mashali. Huku kwetu John Okello alijiita Fildi Mashali mwaka 1964, na Idi Amin akajipa cheo hicho hicho mwaka 1975. Sidhani kama kuna mtu aliyewanong'oneza kwamba wamejitangaza kuwa watumwa wa farasi.

Turudi pwani. Kaole iko kama kilomita tano kusini ya mji wa Bagamoyo, na mwenye kufika huko hukuta magofu ya misikiti miwili, wa kale wa karne ya 13, pamoja na makaburi, mengine yenye nguzo ndefu. Mikoko imeziba mlango wa bahari ambako vyombo vilikuwa vikifunga. Neville Chittick alipachimba mwaka 1958. Waliozikwa chini ya nguzo walikuwa watu wakubwa. Waliokata matumbawe na kuchoma chokaa, wawe huru ama watumwa, hawana alama. Jina lenyewe la Kaole wenyeji hulieleza kuwa ni amri: nenda katazame. Washairi watakitambua humo kitenzi kuola, ambacho katika tungo za kale ni kutazama. Na mji wa jirani nao jina lake ni amri: bwaga moyo. Sijui pwani nyengine ambapo mtu hutoka katika amri moja akaingia katika amri nyengine kwa mwendo wa saa moja.

Amri, nayo, haimtaji anayeamrisha. Ndiyo sababu watu wanabishana hadi leo. Wengine wanasema bwaga moyo ni kilio cha mtumwa anayeiona bahari na kujua kwamba hatarudi kwao. Wengine wanasema ni pumzi ya mpagazi aliyetua pembe ya ndovu baada ya miezi ya njia. Wanahistoria wengi wameelemea kwa mpagazi, kwa kuwa misafara ya Bagamoyo ilijaa Wanyamwezi waliokuja kwa ujira, na kwa kuwa bandari kubwa ya kuuzia watu bara ilikuwa Kilwa. Nami naona hoja yao ina nguvu. Lakini mpagazi ana kiishio cha watendaji, na mji unaomkumbuka yeye peke yake unapumua kwa raha mno. Mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha UNESCO njia ya kati ya watumwa na pembe, na tangu hapo mji umekuwa ukiwasimulia wageni ile maana ya machozi. Katika maana zote mbili, tazama, hakuna anayeulizwa ni nani aliyewapakia watu mizigo.

Mtu mmoja wa Bagamoyo alipata kuuliza kwa kalamu, ingawa kwa sauti ya chini. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Humo kuna habari za watumwa, za mzalia na za aliyenunuliwa, zilizoandikwa na mtu wa upande wa waungwana anayejua kila neno linakaa wapi. Mwaka 1904 akamwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 akajaribu kurudi naye, na wakuu wa koloni wakamzuia kushuka Dar es Salaam pamoja na mkewe. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Nimekuwa nikilitazama jina lake kwa muda mrefu. Baba ni Mwinyi, mwenye. Mwana ni Mtoro, na mtoro ni jina la kutokana na kutoroka. Katika majina yote ya watu wa utumwa hilo ndilo ninalolijua ambalo mwenyewe ndiye mtendaji: hakutumwa, hakutekwa, hakukombolewa, alikwenda kwa miguu yake. Bara ya Malindi watoro walijenga vijiji vyao wenyewe katika karne ya 19, Fuladoyo kikiwa kimojawapo, na Witu iliwapokea wengi. Mabwana walilitumia neno hilo kwa hasira, na mwalimu wa shule hulitumia hivyo hivyo hadi leo kwa mtoto asiyefika darasani.

Haya yangebaki mazungumzo ya barazani kama yasingewagusa walio hai. Posa inapopelekwa, bado kuna majumba ambayo husema maneno machache mlangoni na maneno mengine ndani, na neno la ndani ni kwamba babu ya kijana alikuwa mtumwa wa fulani. Aibu inarithiwa na wajukuu wa aliyetumwa. Wajukuu wa aliyetuma wanarithi minazi, na hakuna nyumba iliyopata kurudisha posa kwa kuwa babu ya kijana alinunua watu. Hapo kiishio kimetoka kitabuni kikaingia katika ndoa za watu.

Si muda mrefu nilipewa kazi ya kutafsiri maelezo ya kibao cha kuwekwa mbele ya wageni katika pwani hiyo. Asili yake ya Kiingereza ilikuwa na yale maneno marefu, watu waliofanywa watumwa. Nikaandika: watu walionunuliwa na kuuzwa na wafanyabiashara wa pwani, wa bara na wa ng'ambo. Nilitaka ile na isikike, na ifuatwe na watu. Nikajibiwa kwamba kibao ni kidogo, na kwamba wafanyabiashara wana wajukuu. Kilichochongwa ni maneno matatu: watumwa walipita hapa. Nimewaandikia tena. Sikuomba sentensi yangu irudishwe, kwa maana nafasi kweli ni ndogo. Nimeomba neno moja tu libadilishwe, walipita liwe walipitishwa.